Uzi wa wapiga besi: nani alikufundisha bila yeye kujua?

#1. Mleta uzi, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Hapa Kijenge mvua imekata, umeme umerudi, naona leo niuweke huu uzi niliokuwa nao kichwani muda mrefu.

Tukikaa kuzungumzia muziki wa dansi, majina yanayotajwa kwanza ni ya waimbaji, halafu wapiga solo. Mpiga besi, yule wa gitaa la sauti nzito, hatajwi. Chukua mtu yeyote anayependa rumba, mwambie akuimbie besi ya wimbo anaoupenda. Ataiimba yote kwa mdomo, du-du-dum, bila kukosea. Sasa muulize nani aliipiga. Kimya. Nimewauliza watu wengi, tena wengine ni wanamuziki, na majibu hayabadiliki.

Mimi ni mpiga besi. Nilianza kanisani, nikaingia bendi za baa na harusi, huu ni mwaka wa 22. Naomba kila anayepiga, au aliyewahi kupiga, aseme hapa: mpiga besi gani alikufundisha bila yeye mwenyewe kujua? Orodha ya kumi bora sitaki. Sema ulichukua nini kwake na mpaka leo kiko wapi kwenye vidole vyako.

Wangu ni Tom Malanga wa Les Wanyika.

Watu wa Arusha tunasahau kwamba hiyo bendi mzizi wake ulipita hapa kwetu. Wilson Kinyonga na mdogo wake George walitoka Tanga, walikokuwa Jamhuri Jazz. 1970 wakaja Arusha wakaunda Arusha Jazz. Hawakukaa sana, wakavuka Namanga kwenda Kenya, na huko ndiko ikazaliwa Simba Wanyika. Novemba 1978 baadhi ya wapigaji wakajitoa: Omar Shabani wa rithimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu, pamoja na wenzao. Wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akaungana nao. Hebu tazama waliotoka ni akina nani. Rithimu, besi, dramu. Mdundo mzima ulihama na virago vyake, ndiyo maana Les Wanyika hawakuanza kama bendi inayojifunza kutembea.

Nikiwa kijana mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, mjomba alikuwa na kaseti zao zilizokuja na mabasi kutoka Nairobi. Kwetu Nairobi ni karibu kuliko Dar, kwa hiyo muziki wa kule ulitufikia mapema. Tulikuwa tunarudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Nilirudisha kipande kimoja mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Nilikuwa natafuta noti. Noti nilizipata zote kwa siku mbili, lakini nikipiga haisikiki kama yeye. Iliniuma sana.

Jibu nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anapiga besi kwenye bendi niliyokuwa nabeba vyombo. Alinisikiliza nikijitutumua, akanyoosha mkono, akachomoa waya kwenye besi yangu. Akaniambia nikae pembeni ya dramu na besi mapajani, nipige hivyo hivyo bila sauti. Wiki mbili za mazoezi nilipiga besi ambayo hakuna aliyeisikia. Sharti lilikuwa kidole kigonge uzi pale tu mguu wa mpiga dramu unapogonga, na katikati nizime uzi kwa kiganja, kabisa, usibaki hata mtetemo.

Waya uliporudishwa ndipo nikamwelewa Malanga. Ana noti chache. Anagonga, ananyamaza, na kwenye ule unyamavu wake ndipo rithimu ya Omar Shabani inapopita. Ukijaza pale umemfungia mwenzako mlango. Kumbe kwa siku mbili zote nilinakili noti zake, pale anaponyamaza sikupanakili hata pamoja.

Karibuni.

#2. Mchangiaji, Moshi

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Wangu mimi ni Aston Barrett, yule Family Man wa The Wailers, bendi ya Bob Marley. Alifariki Februari 2024, siku hiyo nilifunga kibanda mapema nikaenda nyumbani kusikiliza.

Huyu besi yake ya kwanza alijitengenezea mwenyewe. Dramu alikuwa anapiga mdogo wake wa damu, Carlton. Sisi tuliolelewa na rege hapa Majengo tunajua maana yake: pigo la kwanza linaachwa wazi, dramu inaangukia la tatu, na besi inazunguka kama mtu anayeimba kwa sauti nzito. Ukiondoa gitaa zote na kinanda, ukabakiza wale ndugu wawili, wimbo bado utautambua.

Kuhusu swali lako la nani alimfundisha nani: Robbie Shakespeare, mpiga besi wa rege, yule wa Sly na Robbie, alijifunza kwa Family Man. Alimfuata mwenyewe akamwomba. Lakini msikilize Robbie alipokomaa, huwezi kudhani ni Barrett. Alichukua uzito akaacha mtindo. Nadhani ndiyo mwanafunzi mzuri.

Mimi kilichobaki kwenye vidole ni kupiga juu ya pikapu (kile kinasa sauti cha gitaa) ya karibu na shingo, kwa nyama ya kidole, ukucha usiguse kabisa.

#3. Mchangiaji, Arusha (Sakina)

Wakubwa shikamooni. Mimi nina miaka 21, napiga besi ya nyuzi 5 kwenye timu ya kusifu na kuabudu. Nimejifunza YouTube.

Naheshimu mnayosema, ila naomba nitofautiane. Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, alishamaliza mjadala mwaka 1976 na albamu yake. Baada yake kuna Marcus Miller, Victor Wooten, watu ambao besi wameifanya chombo cha mbele. Huku kwetu bado mpiga besi anaambiwa asimame nyuma, apige noti tatu, apewe maji. Kwa nini tuendelee kusifia noti chache? Mimi nataka besi inayozungumza. Nafanya skeli (mazoezi ya kupanda na kushuka noti) saa mbili kila siku na bado naambiwa napiga "kelele".

#4. Mleta uzi

Marahaba kijana wangu. Hujakosea kumpenda Jaco, na saa mbili za skeli endelea nazo, wengi wetu hatukuwa na nidhamu hiyo.

Tuzungumze juu yake kwa kina kidogo. Jaco aling'oa freti (vile vyuma vya kukata shingo ya gitaa) kwenye besi yake ya Fender Jazz ya 1962, akaziba mianya, akapaka juu yake gundi ngumu ya kutengenezea mashua. Kidole kikawa kinateleza kama sauti ya mwimbaji. Alifariki 1987 akiwa na miaka 35, na tangu hapo maelfu ya vijana duniani wakawa wanapiga kama Jaco. Wengi wao hatuwakumbuki.

Tunaowakumbuka ni kama Richard Bona wa Kamerun. Huyu alikulia kijijini Minta, akianza na balafoni, ile marimba ya mbao. Alipofika Douala, Mfaransa mmoja aliyekuwa anafungua klabu ya jazi akamtaka aunde bendi, akamfungulia kabati la santuri zake. Humo ndimo Bona alipokutana na Jaco, akaacha gitaa, akashika besi. Sasa msikilize Bona wa leo. Kasi ya Jaco ipo, lakini anaimba kwa Kiduala juu ya besi yake, na noti zinadondoka kama vijiti vya balafoni. Na baadaye alikuja kupiga na Joe Zawinul, aliyekuwa na Jaco ndani ya bendi ya Weather Report. Yaani mtoto wa kabati la santuri alifika mpaka nyumba aliyotoka mwalimu wake.

Mwingine ni Bakithi Kumalo wa Soweto (ya Afrika Kusini, watu wa Moshi msije mkadai ni wenu). Naye besi yake haina freti, lakini huwezi kumchanganya na Jaco hata ukiwa usingizini. Kile kipande chake maarufu kwenye You Can Call Me Al, wimbo wa Paul Simon wa albamu ya 1986, nakiona vijana wanakihangaikia mtandaoni. Mjue kwamba nusu ya kwanza aliipiga yeye, nusu ya pili ni ile ile, utepe umegeuzwa nyuma mbele. Mnashindana na mashine.

Kuhusu kuambiwa "kelele", nisingependa nikujibu bila kukusikia. Nakuuliza kitu kimoja tu: ukipiga, mpiga dramu wako huwa anakutazama?

#5. Mchangiaji, Moshi

Habari zenu kaka zangu. Naona uzi mzima ni wanaume, naomba niingie.

Nilianza besi kwa sababu kwaya yetu ilikuwa na gitaa la besi lililokaa stoo, halina mtu. Mpiga kinanda alikuwa anapiga besi kwa mkono wa kushoto, mnalijua hilo, siku hizi ni kila mahali. Nikaomba nilijaribu. Mzee mmoja wa kwaya akasema besi inataka vidole vya kiume. Sikumjibu. Nikalibeba nyumbani kwa daladala, limefungwa kwenye kanga mbili.

Aliyenifundisha ni Carol Kaye. Mama huyu wa Kimarekani, aliyezaliwa 1935, alikuwa mpiga gitaa studio za Los Angeles. 1963 mpiga besi hakutokea kazini, akapewa besi yeye. Hakuirudisha. Amerekodi maelfu ya nyimbo, halafu akaandika vitabu vya kufundishia. Watu wanasikiliza besi zake miaka yote wakidhani ni mwanaume fulani.

Anapiga kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi, si kwa vidole. Mimi piki yangu ya kwanza niliikata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda, nikaipiga msasa kwenye sakafu ya baraza. Nilichochukua kwake ni usafi. Kila noti inaanza pale na inaishia pale. Kwaya ikiimba sauti nne, besi ikiwa na matope, sauti ya tatu na ya nne zinazama.

Na mkono wa kushoto wa kinanda hauwezi kuvuta pumzi na kwaya. Hilo nalisema nikiwa na uhakika. Mpiga kinanda ana kazi ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) mkono wa kulia, besi inakuwa wajibu wa pembeni. Tangu nimeanza, mwalimu wetu wa kwaya amepunguza mwendo wa nyimbo mbili, kwa sababu sasa zinaweza kwenda taratibu bila kuanguka.

#6. Mchangiaji, Moshi (fundi mitambo)

Dada, hongera sana.

Niongeze jambo la kifundi linalojibu swali la mleta uzi, kwa nini mpiga besi hatajwi. Ule uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi 4, E, ukiachiwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Ule wa B kwenye nyuzi 5 ni kama 31. Spika ya simu haiwezi kutoa hiyo sauti, ni ndogo mno kusukuma hewa kiasi hicho. Unachosikia kwenye simu ni mitetemo ya juu ya noti, sikio lenyewe linakisia kilichobaki. Vijana wamekua wanasikiliza muziki kwenye simu mezani. Besi hawajawahi kuisikia, wameikisia.

Halafu ukumbini tatizo linageuka. Mwenye ukumbi anataka "mzito", fundi anaongeza besi mpaka kuta zinalia, noti hazitofautiani. Kote kuwili mpiga besi amepotea. Mimi nikifunga mitambo huwa napunguza besi kwenye kinanda kwanza, ndipo nampa nafasi mpiga besi. Mara nyingi hata sauti yake sihitaji kuiongeza.

Kijana wa Sakina, tafuta hedifoni nzuri za kuziba masikio kabla ya kununua pedali za kubadilisha sauti.

#7. Mleta uzi

Fundi umenikumbusha mtu ambaye nilitaka kumwacha kwa sababu kila mtu anamtaja. Lakini kwa mada yetu siwezi.

James Jamerson. Alianza na besi ile kubwa ya kusimama, ya mbao, akahamia Fender Precision ya 1962. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada, wenzake walikiita ndoano. Nyuzi zake zilikuwa zile laini zisizo na mikwaruzo, na hakuwa akizibadilisha. Kwa besi hiyo na kidole hicho alibeba nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown za miaka ya 60 pale Detroit, mtu akiisikia tu mguu unaanza.

Na jina lake halikuandikwa. Motown haikuwa inaandika majina ya wapigaji kwenye majalada. 1971, albamu ya Marvin Gaye ya What's Going On, ndipo wapigaji wakatajwa, naye akiwemo. Alishapiga miaka kumi na zaidi.

Sasa upande wa pili wa bahari, Liverpool, Paul McCartney alikuwa ameshikilia besi yake ya Höfner anasikiliza santuri hizo. Amesema mwenyewe kwamba Jamerson alikuwa shujaa wake na kwamba kwa muda mrefu hakulijua jina. Fikirini hapo. Mtu anakufundisha wewe, wewe unaenda kufundisha dunia nzima, na hamjui hata akiitwa nani. Ukisikiliza besi za Beatles za kuanzia 1965 hivi, zile zinazopanda na kushuka kama wimbo ndani ya wimbo, unamsikia mzee wa Detroit.

Jamerson alifariki 1983. Muda mfupi kabla, ile Precision yake iliibwa. Kuna mtu mahali anayo, pengine hajui ni nini.

Ndiyo maana naumia tunapoacha majina ya kwetu yapotee. Yule mzee aliyechomoa waya wangu amepiga kwenye rekodi, na kwenye rekodi hizo hayupo.

#8. Mchangiaji, Moshi (Pasua)

Vijana, hamjambo. Mimi nimestaafu, nilikuwa napiga besi enzi bendi za hoteli na za mashirika zikiwa na kazi kila wiki.

Mmezunguka dunia mkaruka Kongo. Sisi tulilelewa na TP OK Jazz ya Franco. Besi alikuwepo Flavien Makabi, alikuwepo Mpudi Decca. Hao ukiwasikiliza kwa haraka utasema hawafanyi kitu. Wimbo una dakika kumi na kitu, Franco anapiga maneno yake, gitaa tatu zinasokotana, na besi iko pale pale, haichoki, haiharakishi. Jaribu wewe kukaa mahali pamoja dakika kumi na mbili bila kuharibu. Vidole vinawasha kutaka kuongeza kitu. Hapo ndipo tulipokuwa tunachujwa.

Baadaye wale wa Paris, akina Ngouma Lokito wa Soukous Stars, wakaja na besi inayorukaruka, tukaona vijana wanaipenda. Nami niliipenda. Lakini sikilizeni vizuri, hata Lokito anaporuka, anarudi kutua pale pale alipotua Makabi. Anajua nyumbani ni wapi.

Kwa chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, nilikuwa na kanuni moja: solo akipanda juu, mimi nashuka chini na kupunguza. Wachezaji wanadhani muziki umeongezeka. Umepungua.

#9. Mchangiaji, Arusha (Sakina)

Wakubwa, nimerudi. Nimesoma uzi wote mara mbili.

Kaka mleta uzi, swali lako la mpiga dramu lilinikera mwanzoni. Jumapili nikaamua kuangalia. Ibada nzima hakunitazama hata mara moja. Tuna mwaka na nusu pamoja.

Alhamisi kwenye mazoezi nikajaribu alivyosema mzee wa Pasua na alivyosema dada. Wimbo mmoja tu, wa taratibu. Nikaacha uzi wa tano, nikaacha slapu (kupiga nyuzi kwa kuzichapa na dole gumba), nikapiga na mguu wa dramu, nikazima katikati. Ilikuwa ngumu kuliko skeli zote. Mkono ulikuwa unatetemeka, kila pengo nililiona refu. Ubeti wa pili mpiga dramu akageuza kichwa. Hakusema kitu, akaendelea kunitazama mpaka mwisho wa wimbo, na kwa mara ya kwanza nikasikia waimbaji wa nyuma wanaimba nini.

Jaco bado nampenda, sitaki kudanganya. Ila nimemsikiliza upya kwa hedifoni alizosema fundi, nimeazima kwa rafiki, na nimegundua kuna sehemu nyingi ananyamaza ambazo kwenye simu sikuwa nazisikia.

Naweza kuja kwenye mazoezi yenu siku moja? Hata kubeba vyombo.

#10. Mleta uzi

Mzee wa Pasua, shikamoo. Naomba nikutafute kwa ujumbe wa faragha, nataka kuandika majina ya wale uliopiga nao na nani alipiga besi rekodi ipi, kabla hayajatuponyoka.

Kijana, Jumanne saa kumi jioni, Kijenge. Nitakutumia maelekezo. Vyombo tuna wa kubeba. Njoo na besi yako, waya acha nyumbani.